Askofu Aliyekula Viatu Vyake

Somo: Matendo ya Mitume 28:1–10



Jumapili iliyopita nilipoanza fundisho hili, mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu sana, na walioketi nyuma waliambulia maneno mawili tu: askofu na viatu. Vijana wakacheka, wazee wakatazamana. Baada ya ibada wengi walinijia pale mlangoni wakitaka kujua kama ni kweli nilisema askofu alikula viatu. Ndiyo, nilisema hivyo, na sikuwa natoa mfano. Alivichemsha, akavichoma, akavila. Basi wacha niandike kisa chote hapa, pole pole, kila mtu asome nyumbani kwake bila kelele ya mvua.

Kisa hiki kilinifikia mwaka juzi nikiwa kitandani, mguu ukiwa ndani ya plasta. Wengi mnakumbuka ile ajali ya pikipiki. Nilikuwa nimechoka kulala, nikawa nasoma maisha ya wamisionari wa zamani ili nipate kitu cha kuwahubiria nikipona. Nilichokipata kilinihubiria mimi kwanza, na hapo mbele nitawaambia kwa nini.

Mtu huyu anaitwa Isaac Stringer. Alizaliwa mwaka wa 1866 katika mkoa wa Ontario, kule Kanada, karibu na mji mdogo wa Kincardine. Alilelewa shambani, kama wengi wetu. Akasoma Chuo Kikuu cha Toronto na chuo cha theolojia cha Wycliffe. Wakati huo kulikuwa na askofu mmoja mzee, William Bompas, aliyekuwa amezeekea kaskazini kabisa ya Kanada akihubiri Injili. Bompas alikuwa wa shirika la CMS, lile lile lililomleta Krapf Mombasa mwaka wa 1844. Palikuwa panatafutwa kijana wa kwenda kuishi na watu wa pwani ya Bahari ya Aktiki. Stringer akasema atakwenda. Lakini hakukimbilia tu. Alijifunza kwanza utabibu kidogo na namna ya kung'oa meno, maanake kule hakukuwa na daktari. Mwaka wa 1892 akafunga mzigo wake.

Hebu tuelewane kwanza kuhusu kule alikokwenda. Sisi huku tukisema baridi tunamaanisha Julai ya Limuru au asubuhi ya Kinangop, jani la kabeji likiwa na sakitu. Friza ya duka la nyama ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Kule Aktiki wakati wa baridi hushuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, na huko ndiko watu wanaishi, wanazaa, wanazikana. Pale pwani, jua linazama mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena kwa majuma kadhaa. Mito inakuwa barabara. Bahari yenyewe inaganda mpaka mtu anatembea juu yake. Na huyu alikuwa kijana wa shambani wa miaka 26.

Kituo chake kilikuwa Fort McPherson, kando ya mto Peel. Hapo aliwakuta watu wa Gwich'in, wawindaji wa milimani na wavuvi wa mtoni. Wengi wao walikuwa wamempokea Yesu zamani, kwa sababu mtumishi mwingine, Robert McDonald, alikuwa ameishi nao miaka mingi akatafsiri Biblia nzima kwa lugha yao. Kwa hiyo Gwich'in walikuwa kondoo wake tayari. Kazi yake mpya ilikuwa kwa jirani zao wa pwani, watu wa Inuvialuit, ambao wazungu wa siku zile waliwaita Waeskimo.

Mwaka wa 1893 Stringer alifika kisiwa cha Herschel mara ya kwanza. Huko kulikuwa na meli za wawindaji wa nyangumi, watu waliotoka mbali kutafuta mafuta na mifupa ya nyangumi, wakakwama kwenye barafu miezi na miezi. Walileta pombe kali, na pombe ikaleta mambo yote mnayoyajua. Walileta pia magonjwa ambayo wenyeji hawakuwahi kuyaona, surua ikiwa mojawapo, na watu walikufa wengi. Stringer aliwaendea manahodha mmoja mmoja akiwasihi wasiwauzie wenyeji pombe. Alihubiri, alitibu vidonda, aling'oa meno.

Mwaka wa 1896 alioa. Mkewe aliitwa Sarah, lakini kila mtu alimwita Sadie. Alikuwa amejifunza uuguzi ili amfuate mumewe kwenye kazi. Mwaka wa 1897 wakahamia kisiwani Herschel kabisa. Mtoto wao wa pili alizaliwa hapo hapo wakampa jina la kisiwa. Akina mama, hebu fikirini kujifungua mahali ambapo duka la karibu ni safari ya majuma.

Mnajua ni nani aliyewafundisha watu hawa kuishi? Ni wenyeji. Walivaa nguo za ngozi zilizoshonwa na akina mama wa pale. Walisafiri kwa mbwa, kwa njia walizoonyeshwa na wenyeji. Mtu mwenye shahada ya chuo kikuu akawa mwanafunzi wa mtu asiyejua kusoma, maanake ukikosea mafunzo yale hakuna mtihani wa marudio. Unakufa.

Na matunda? Hapa wahubiri tunyamaze kidogo. Kufikia mwaka wa 1901 macho ya Stringer yalikuwa yameharibika. Mwanga wa jua ukipiga theluji unarudi juu na kuyaunguza macho. Ikabidi aondoke. Alikuwa amefanya kazi karibu miaka tisa, na kati ya watu wale wa pwani hakuwa amebatiza hata mmoja. Hata mmoja, wapendwa. Leo mtu akihubiri kwenye mkutano wa siku nne asipoona watu mia wameinua mikono anasema mji huo umefungwa.

Mungu hakumsahau. Macho yakapata nafuu, akawa mchungaji mjini Whitehorse, na mwaka wa 1905 akafanywa askofu wa eneo lile lote la Yukon baada ya mzee Bompas. Makao yake yakawa Dawson, mji wa wachimba dhahabu. Mwaka wa 1909, sasa akiwa na miaka 43, akarudi pwani kutembelea. Na huko akakuta Inuvialuit wako tayari. Wenzake waliobaki walikuwa wameendelea kumwagilia, naye akawa na furaha ya kuwabatiza wa kwanza. Mbegu ya mwaka wa 1893 ilichipuka 1909.

Ungetarajia kisa kiishie hapo, kwa ushindi. Lakini ilibidi arudi nyumbani.

Mwanzoni mwa Septemba mwaka huo aliondoka Fort McPherson kuelekea Dawson, pamoja na mwenzake mmoja wa kazi aliyeitwa Charles Johnson. Njia ya kawaida ilikuwa ya maji: unapanda mto Rat kwa mtumbwi, unavuka juu ya milima ya Richardson, unashuka mto Bell mpaka mto Porcupine, halafu unafika mto mkubwa wa Yukon ambako meli za moshi zinapita. Wenyeji waliwasaidia kuvuka zile sehemu ngumu, kisha wakarudi kwao. Hao wawili wakabaki peke yao na mtumbwi.

Baridi ya mwaka ule ikaja mapema. Maji ya mto Bell yakaanza kushika barafu. Mtumbwi haungeweza kupita, na barafu ilikuwa nyembamba bado, haikubali mtu atembee juu yake. Mbele hapapitiki, na kukaa pale ni kufa. Wakaamua kuuacha mtumbwi na kurudi Fort McPherson kwa miguu, juu ya milima. Waliamini ni mwendo wa siku chache.

Ukashuka ukungu.

Ndugu zetu wa Limuru wanajua ninachosema. Ule ukungu ambao unasimama barabarani huoni taa ya gari mpaka ikufikie. Sasa uweke ukungu huo juu ya mlima usio na barabara, usio na nyumba, usio na mti, halafu uongeze theluji inayoanguka na kufuta nyayo zako nyuma. Walipanda bonde wakidhani ndilo, kumbe silo. Walishuka mto wakidhani unakwenda mashariki, kumbe unawapeleka kwingine. Siku nyingine walikaa tu, wakingoja waone angalau kilele kimoja. Walivuka vijito vilivyoganda nusu, maji yakiwapanda miguuni. Usiku waliomba, wakalala, wakaamka, wakaendelea.

Chakula kilikuwa kidogo tangu mwanzo. Walipiga ndege wa theluji, mfano wa kwale. Walipiga kindi. Walichuma matunda madogo ya porini. Unga waliugawa kwa kijiko, mpaka ukabaki wa kuhesabu. Wakatega mitego ya sungura, asubuhi mitego ikawa tupu. Katikati ya Oktoba hawakuwa na kitu tena. Ndipo Stringer akaangalia mizigo yao, akaona mabuti.

Yalikuwa mabuti ya wenyeji, yameshonwa kwa ngozi ya wanyama wa baharini. Si kiatu cha dukani chenye rangi na gundi. Hiyo ni ngozi mbichi iliyokaushwa. Wakaikata vipande, wakaichemsha saa nyingi, kisha wakaioka motoni. Stringer alikuwa na daftari ambalo aliandika kila siku, hata mikono ilipokuwa inauma. Humo aliandika kwamba chakula kile kinalika, na kwamba kimemtia moyo. Siku nyingine akaandika kwamba soli ni tamu kuliko sehemu ya juu. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu kitandani, mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Mtu yuko mlangoni pa kifo lakini analinganisha soli na juu kama anayeonja mboga! Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu kuna siku aliandika kwamba kilikuwa kizuri, lakini hakikutosha.

Hakikutosha. Viatu vinaisha, wapendwa.

Tarehe 21 Oktoba, asubuhi, walikula vipande vingine vya mabuti. Walikuwa dhaifu kiasi kwamba hata kufunga mzigo kulichukua muda mrefu. Wakajikokota. Kisha kwa mbali wakasikia sauti. Haikuwa sauti ya malaika. Ilikuwa ya watoto wanacheza.

Wakapanda ukingo wa mto, wakaona alama za sleji kwenye theluji, na mbele kidogo nyumba. Walikuwa wamefika kwenye kijiji cha watu wa Gwich'in kando ya mto Peel. Ilikuwa siku ya 51 tangu waondoke. Mwenyeji wao, mzee aliyeitwa Andrew Cloh, alimfahamu askofu, lakini siku hiyo hakumtambua mara moja. Ndevu, uchafu, mifupa mitupu. Stringer alikuwa amepungua karibu kilo 22. Yule aliyewahi kusimama mbele yao na kanzu ya uaskofu alikuwa amesimama mlangoni kama mwombaji.

Wakawaingiza ndani. Wakawapa samaki. Wakawaweka karibu na moto.

Sasa fungueni Matendo 28. Mnamkuta mtume Paulo, mtu wa miujiza, meli imevunjika, mvua inanyesha, kuna baridi, na yeye ametoka baharini ameloa chapachapa. Ni nani anayemhudumia nani? Wenyeji wa Malta ndio wanaowasha moto. Watu ambao hawajasikia Injili hata siku moja ndio wanaompokea mhubiri wa Injili. Kuombea wagonjwa kunakuja baadaye kwenye sura hiyo hiyo. Kwanza mtume anaota moto wa watu wengine. Na angalieni Eliya. Mungu aliyekuwa anamlisha kwa kunguru angeweza kuendelea na kunguru. Badala yake akamtuma kwa mjane mwenye konzi moja ya unga, akamwombe huyo. Nabii mzima, akaombe chakula kwa mtu maskini kuliko wote pale mjini.

Sisi watumishi tunapenda sana kutoa. Kutoa kunatufanya wakubwa. Anayetoa amesimama, anayepokea ameketi. Ndiyo maana Petro alikataa kuoshwa miguu. Alidhani ule ni unyenyekevu. Bwana akamwonyesha kwamba bila kuoshwa hana sehemu naye.

Hapa nakuja kwa mambo yangu, na mama ninayemsema amenipa ruhusa, ingawa sitamtaja jina. Nilipokuwa na ule mguu, watu walikuja nyumbani na unga, na sukari, na mafuta. Mke wangu akapokea. Mimi moyoni nilikuwa naona haya. Nilijiambia kwamba mchungaji si wa kuletewa, mchungaji ndiye anayepeleka. Siku moja akaja mama mmoja wa kanisa hili anayeuza sukuma wiki kando ya stendi. Ana wajukuu watatu anaowalea peke yake. Aliniletea mayai sita amefunga kwa gazeti. Nikamwambia, kwa upole kabisa, ayarudishe nyumbani wajukuu wakale. Nikamwombea, nikambariki, nikaona nimefanya jambo la Mungu. Akaondoka na mayai yake.

Jumapili ya kwanza hakuja kanisani. Ya pili hakuja. Ya tatu mke wangu akaenda kumtazama. Alimkuta mzima, hana ugonjwa. Alisema tu kwamba alikuwa hajui kwamba kuna mayai ya watu wa kumpa mchungaji na mayai ya watu wa chini. Mke wangu aliporudi aliniambia hayo, akaenda jikoni, hakuongeza neno. Nadhani mnafahamu ule unyamavu.

Jioni hiyo ndipo niliposoma habari za mabuti na sauti za watoto. Nikajiuliza: kama Stringer angefika pale mlangoni akasema hapana, hawa samaki wapeni watoto wenu, mimi ni askofu, ingekuwaje? Angekufa kwa adabu. Na Gwich'in wale wangebaki miaka yote wakijua kwamba askofu wao aliona afadhali kufa kuliko kula kwao.

Msidhani ninakuza mambo. Kuna watu waliokufa hivyo, katika milima ile ile, mwaka mmoja tu baadaye. Desemba 1910 maaskari wanne waliondoka Fort McPherson kwenda Dawson kwa mbwa, safari ya zaidi ya kilomita 700. Kiongozi wao alikuwa Inspekta Fitzgerald, mtu shujaa, mzoefu wa Aktiki. Walitaka kwenda mbio, wakabeba chakula kichache kuliko ilivyo desturi. Njiani walimpata Mgwich'in mmoja, Esau George, akawaongoza siku chache. Halafu wakamlipa, wakamwambia arudi. Waliona wenyewe wanatosha. Mmoja wao alikuwa amewahi kuipita njia ile mara moja, tena akitoka upande wa pili. Wakaikosa kona moja, kijito kimoja tu. Wakazunguka siku nyingi wakikitafuta. Walipokubali kurudi, chakula kilikuwa kimeisha, wakaanza kula mbwa. Wote wanne walikufa. Fitzgerald alikutwa amebakiza kama kilomita 40 tu kufika Fort McPherson. Aliyewapata, Machi 1911, ni askari mwingine, Dempster, ambaye kwenye timu yake alikuwa na kiongozi wa Kigwich'in. Kikosi hicho kinaitwa mpaka leo Doria Iliyopotea.

Shujaa alikufa kwa kumrudisha nyumbani mtu aliyejua njia.

Wapendwa, ni Esau gani umemlipa ukamwambia arudi? Kuna ndoa humu zimepotea kwenye ukungu, na karibu yenu kuna wazee wawili waliokaa pamoja miaka 40, lakini mnaona haya kuwauliza. Kuna kijana ana deni linalomla kila mwezi, na kwenye ushirika wake wa nyumbani kuna mama aliyewahi kutoka kwenye shimo hilo hilo, lakini kijana anakuja kila Jumatano amenyoosha shati, anatoa ushuhuda wa ushindi. Unakula viatu kisirisiri, na nyumba iko nyuma ya ukingo.

Stringer hakuacha utumishi. Alipopata nguvu alirudi kazini, na akaendelea kuwa askofu wa Yukon mpaka mwaka wa 1931, alipofanywa askofu mkuu wa Rupert's Land. Alikufa mjini Winnipeg mwezi Oktoba 1934. Mpaka leo kule Kanada wanamkumbuka kama askofu aliyekula viatu vyake.

Lakini sitaki kumpaka rangi. Kanisa lake, na yeye mwenyewe akiwa askofu, lilijenga na kuendesha shule za bweni ambako watoto wa wenyeji walichukuliwa mbali na wazazi wao na kuzuiwa kusema lugha zao. Ile ya Carcross ilifunguliwa mwaka wa 1911, miaka miwili tu baada ya siku ile ya samaki. Familia nyingi ziliumia, na uchungu huo umeendelea vizazi. Mwaka wa 1993 Kanisa la Anglikana la Kanada liliomba msamaha. Nimeandika haya kwa sababu yananitisha. Mtu anaweza kuokolewa na sauti ya watoto wanaocheza karibu na nyumba ya mama yao, halafu baadaye akaona ni sawa watoto watengwe na mama yao kwa faida yao wenyewe. Alipokea samaki. Lakini kupokea chakula cha mtu bado hujafika mahali pa kumsikiliza. Mimi pia naweza kula mayai ya mama na nisimuulize maoni yake kuhusu jambo lolote la kanisa hili.

Nilifanya nini? Kesho yake nilichukua magongo yangu, nikaenda kwa yule mama. Ni mbali kidogo kwa mtu wa mguu mmoja, na kulikuwa na matope. Nikabisha hodi. Nikamwambia nimekuja kunywa chai, na kama yale mayai bado yapo, nayataka. Aliniangalia kwa muda. Yale yalikuwa yameshaliwa, akasema, lakini kuku hawajaacha kutaga. Akakaanga mawili. Wajukuu wakasimama mlangoni kumwangalia mchungaji anakula. Nilikula yote, na sitawadanganya, yalipita kooni kwa shida, si kwa sababu ya kupikwa vibaya. Kisha nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza kwa miaka kumi: anaona kanisa letu linakosea wapi. Alinijibu. Mambo mawili kati ya aliyosema tayari yamebadilika, na la tatu bado linatusumbua kwenye kamati.

Kwa hiyo juma hili nawapa kazi moja. Usipeleke kitu kwa mtu. Nenda kwa ndugu mmoja wa kanisa hili ambaye umezoea kumsaidia, ukaombe. Omba chai, omba ushauri, omba akuombee wewe. Kaa kwenye kiti atakachokupa. Ukiona moyo unakataa, jua hapo ndipo Bwana anapotaka kugusa. Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani kila mmoja aeleze alikwenda kwa nani na ilikuwaje.

Tuombe.

Baba, tumejifanya wenye nguvu mbele za ndugu zetu. Tumetembea kwenye ukungu tukisema tunaijua njia. Tusamehe. Utupe masikio ya kusikia sauti za watu uliowaweka karibu, na miguu ya kupanda ukingo mpaka mlangoni kwao. Wabariki wote waliotulisha tulipokuwa hatuna kitu, na wale tuliowarudisha na sadaka zao mikononi, utupatanishe nao. Utufundishe kupokea, na tukishapokea, utufundishe kusikiliza. Katika jina la Yesu.

Amina.